Singa

Nilijifunza kusuka kwa singa za mkonge
zilizofungwa kwenye mguu wa kiti cha bibi,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Mguu wa kiti haulii ukivutwa.
Baadaye nikahamia vichwa vinavyolia,
miaka thelathini na mmoja,
vidole vikinuka nazi
hata mchana wa Ramadhani.

Sasa kitana kinabaki na zangu.

Si zote. Watu hudhani ni zote.
Mionzi haifyeki shamba zima,
inakwenda pale ilipotumwa:
kiraka juu ya sikio la kushoto, upana wa kisahani cha chai,
na kingine kidogo upande wa pili.
Iliingia kwa mlango,
ikatokea dirishani.

Siku thelathini kule Dar nililazwa chali,
usoni barakoa ya plastiki yenye matundu,
imefinyangwa kwa sura yangu, imebanwa mezani.
"Usitikisike, mama."
Maneno yaleyale niliyowaambia watoto wa watu
nikiwagonga kitana begani!
Nikatulia. Nikawa namsuka mtu akilini,
mistari kumi na minne,
na kabla sijamfunga ncha mashine imenyamaza.

Wiki ya tatu nikaamka, mto umeota nywele.
Nikazikusanya. Msusi hatupi nywele ovyo:
ndege akizijengea kiota, mwenyewe kichwa kitamuuma,
bibi alisema hivyo.
Nikacheka peke yangu wodini.
Kichwa gani tena hicho, ambacho hakijauma?

Kwenye benchi la kusubiri, Mzee Shekiondo wa Lushoto,
koo lake, ndevu zimemtoka upande mmoja.
"Anayeswali kulia kwangu," kasema, "anadhani kasimama na babake.
Wa kushoto, na mjukuu."
Binti wa Muheza alikuwa na wigi, analala nalo.
Mama mwingine alichora wanja pale nyusi zilipokuwa,
mmoja ukapanda kuliko mwenzake,
akawa mtu aliyeshangaa tangu alfajiri.
Mimi na mtandio wangu: naufunga, naufungua,
kama muuza duka asiyejua siku ni Ijumaa au la.

Nimerudi. Kibanda ni kilekile, kioo kimepasuka palepale.
Mwanaheri, niliyemfundisha kwa mguu uleule wa kiti,
anakishika kichwa changu kama yai la kuazima.
"Nizisuke zilizobaki, zifunike?"
Nisuke, lakini si twende kilioni,
jina lenyewe sitaki kulisikia mwezi huu.
Anacheka. Kisha hacheki.
Usivute, namwambia. Usipake mafuta.
Kila nililomfundisha namwomba asilifanye.

Mama Kidawa, mteja wa Alhamisi, mwanamke mwenye mdomo,
kaja kusukwa kwa ajili ya harusi ya mwanawe, kaona.
Kanyamaza,
jambo ambalo Ngamiani haijawahi kulishuhudia.
Halafu kachota kopo la maji ndooni,
kajimwagia utosini.
"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mwanaheri, lete wembe."

Wembe gani, nikamwambia, harusi Jumamosi!
Unataka mkwe akukimbie?
Nikainuka. Nikamkalisha kati ya magoti yangu,
nikamsuka mwenyewe, maji yakimchuruzika mgongoni,
mistari kumi na minne,
hadi ncha.
Alikuwa anatikisika.
Sikumwambia atulie.

Daktari kasema huenda zikaota, miezi mitatu, sita,
huenda pale pasiote kitu.
Wazee walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake;
basi mimi nina zangu, zina viraka viwili.
Na zikiota, Mwanaheri, watu husema hubadilika,
mwenye kipilipili huletewa nyingine.
Zikija za singa,
mguu wa kiti upo.